Waulize wapanda milima: Kutwa juu ya mgongo wa mlima na familia

Barua za safari hii zimetoka zaidi mikoa ya magharibi, na nyingi zinazunguka jambo moja: kutembea kutwa nzima juu ya mgongo wa mlima, ile sehemu ndefu ya juu yenye mteremko pande mbili, mkiwa na watoto na wazee. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale yanapostahili.

SWALI: Shikamooni. Likizo ya mwezi wa sita nataka kuwapeleka watoto (miaka 7 na 11), mama yao na babu yao mwenye miaka 66 tukatembee juu ya vilima vya upande wa Manyovu. Jamaa wa huko ametueleza njia ya kilomita 14, inayoanzia kijiji kimoja na kutokea kingine, na kupanda kwa jumla ni mita 700. Yeye huimaliza kwa saa nne. Sisi itatuchukua muda gani, na tuanze saa ngapi?
Baba wa watoto wawili, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba. Saa nne za jamaa yako ni za kweli, ila ni zake yeye. Wapanda milima hutumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 14 zinatoa saa 2 na dakika 48. Mita 700 zinatoa saa 1 na dakika 10. Jumla ni saa 4 kasoro dakika 2, na hapo ni mtu mzima mwenye nguvu asiyesimama hata kunywa maji. Naismith hakumhesabu mtoto wa miaka 7 anayeokota kila jiwe linalong'aa. Ongezeni nusu, mnafika saa 6. Wekeni dakika 10 za kupumzika kila saa na dakika 45 za chakula, na siku yenu inakuwa saa 7 na dakika 45 hivi.

Sasa jua. Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo jua huchomoza na kuzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Mwezi wa sita linatoka saa 1 na dakika chache asubuhi na kuzama mnamo saa 1 jioni. Baada ya hapo kuna mwanga wa kama dakika 20 tu, kisha giza totoro. Mkianza kutembea saa 1:30 asubuhi, mtamaliza saa 9:15 alasiri, mkiwa na akiba ya zaidi ya saa tatu za mwanga. Akiba hiyo si ya kuchezea. Ni ya mguu ulioteguka, njia iliyopotea au babu aliyechoka. Mkianza saa 3:30 kwa sababu chai ilichelewa, zaidi ya nusu ya akiba imekwisha kabla hamjainua mguu.

Pangeni nyumbani, mbele ya watoto, saa ya kugeuza. Kwa njia yenu tunapendekeza saa 6:30 mchana: saa hiyo ikifika hamjavuka kilomita ya saba, mnarudi mlikotoka, hata kama kilele kinaonekana pale mbele. Wanaonaswa na giza mlimani wengi wao si wavivu, ni wale waliosema “tumeshafika karibu, tumalizie tu.” Kwa sababu njia yenu inatokea kijiji kingine, hakikisheni pia kwamba bodaboda au gari la kuwachukua limeambiwa mambo mawili: mkitokea kule ni saa ngapi, na msipotokea aende wapi.

Kuna mtego mmoja wa huko, kwa kuwa Manyovu iko mpakani na Burundi. Simu ikiwa juu ya mgongo wa mlima hushika mnara wa Burundi. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyowekwa kujipangia saa yenyewe inaweza kurudi nyuma bila kukuambia. Ukitazama utaona saa 5:30 wakati kwetu ni saa 6:30, na mtaendelea kutembea mkidhani muda bado upo. Zima upangaji wa saa wa moja kwa moja kabla ya kuondoka, zima na matumizi ya mtandao wa nje yasikule salio, na mtu mmoja avae saa ya mkononi. Vilevile bebeni vitambulisho vya NIDA na mpitie kwa mtendaji wa kijiji mnakoanzia. Familia ya wageni yenye mabegi inayotembea kandokando ya mpaka lazima itaulizwa maswali, na ni afadhali yaulizwe asubuhi ofisini kuliko saa nane mchana porini.

Mpangilio wa kutembea: mtu mzima anayeijua njia mbele, wa pili yake mtoto mdogo, kisha babu, kisha mtoto wa miaka 11, na mtu mzima mwingine nyuma kabisa. Asiwepo mtu wa kupita mbele ya kiongozi wala wa kubaki nyuma ya mfungaji. Mwendo ni wa mtoto na babu, na kipimo chake ni mazungumzo. Babu akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, mnakwenda mbio. Nusu saa ya kwanza nendeni polepole kiasi cha kuudhi, kwa sababu anayeanza kwa kasi hulipa mchana. Kama babu anatumia dawa za presha, hasa zile za kuongeza mkojo, amwulize daktari wake mapema kuhusu kutembea kutwa juani na kiasi cha maji ya kunywa. Asiache dozi ya siku hiyo kwa kuogopa kujisaidia njiani.

La mwisho ni kushuka, na hapa ndipo njia hupotea. Mkipanda, migongo midogo yote inakutana kwenye ule mkubwa, kwa hiyo hata ukikosea kidogo utafika juu. Mkishuka inaachana. Hatua ishirini za kukosea juu zinakuwa kilomita mbili za kukosea chini, na mnajikuta kwenye korongo la kijiji kisicho chenu. Kila mgongo unapogawanyika, simameni, tazameni ramani na mwelekeo, kisha ndipo mshuke. Mkigundua mmekosea, pandeni mrudi mpaka kwenye mgawanyiko. Msikate njia kwa kufuata mkondo wa maji mkidhani maji yanaelekea kwa watu. Yanaelekea, lakini yenyewe huruka maporomoko ambayo ninyi hamwezi kuyaruka.

SWALI: Naomba kujua kiasi cha maji na chakula kwa watu watano kutwa nzima. Mume wangu anasema chupa moja moja zinatosha.
Mama Watatu, Kasulu

JIBU: Hazitoshi, mwambie taratibu. Kwenye jua la kiangazi mtu mzima anayepanda hunywa karibu nusu lita kwa saa. Hesabuni lita 3 kwa kila mtu mzima, lita 2 kwa mtoto wa miaka 10 hivi, na lita 1 na nusu kwa mdogo zaidi. Watu wazima watatu na watoto wawili ni lita 12 na nusu, yaani kilo 12 na nusu za maji peke yake, kabla ya chakula. Ndiyo maana watu huyaacha nyumbani. Dawa yake ni kuyagawa: mtoto abebe kisichozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake (mwenye kilo 30 abebe kilo 3, begi likiwamo), mtu mzima asizidi sehemu moja ya tano. Na kama njia yenu katikati inakutana na barabara, mpeni bodaboda dumu la lita 5 alishushe kwa mtu mnayemfahamu hapo.

Maji ya kijito msinywe hivyo hivyo hata yakiwa baridi na maangavu, kwa kuwa juu yake kuna ng'ombe au mashamba. Bebeni vidonge vya klorini, pimeni kama pakiti inavyosema, na subirini dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, maana tope hula klorini na kidonge kinakuwa kazi bure. Pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ziwe kwenye begi, kila moja kwa lita 1. Mkizikosa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi vinafanya kazi hiyo. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya mlima.

Chakula kiwe kidogo kidogo na mara nyingi, si sahani moja kubwa saa saba inayowalaza wote chini ya mti. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai yaliyoiva kabisa, chapati, karanga na ndizi mbivu ngumu kidogo vinafaa. Dagaa wakavu wa kukaanga na chumvi ni wazuri sana kwa mtu anayetoka jasho. Migebuka wa mchuzi wa mawese waacheni nyumbani wawasubiri: mchuzi utamwagika begini, na samaki aliyekaa saa sita kwenye hotipoti vuguvugu ni tumbo la kuhara mlimani.

SWALI: Hapa Tabora ni tambarare tupu. Tunakwenda Kigoma kwa treni mwezi ujao kutembea milima na wenzetu. Nijiandae vipi? Mara ya mwisho kucha za vidole gumba zilikufa zote mbili.
Mwalimu, Tabora

JIBU: Tuanze na kucha, maana zinaeleza mengi. Hazifi kwa kupanda, zinakufa kwa kushuka: mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na kidole kinagonga ukuta kila hatua, maelfu ya mara. Sababu ni tatu. Kiatu kimebana, kamba zimelegea, au kucha ni ndefu. Nunua kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi zile zile utakazopandia. Kabla ya kufunga kamba sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na nyuma ya kisigino kipite kidole chako cha shahada. Kata kucha kwa kunyoosha siku tatu kabla ya safari. Na ukifika juu, kabla ya kuanza kushuka, kaa chini, piga kisigino nyuma ya kiatu, kisha kaza kamba za kwenye kifundo kwa nguvu na za kwenye vidole kwa wastani. Dakika mbili hizo zinaokoa kucha. Raba yenye soli iliyokatwa kina inatosha kwa njia kavu. Buti si lazima. Viatu vya plastiki na yeboyebo hapana, kwa sababu jasho linaviteleza ndani.

Kiatu kipya kivae wiki mbili kazini na sokoni kwanza. Ukisikia mahali panawaka kwenye ngozi, simama hapo hapo, kausha, bandika plasta pana isiyo na mikunjo. Ukisema “nikifika kwenye ule mti,” ukifika utakuwa na lengelenge. Likishatoka na haliumi, usilitoboe. Kata tundu la duara kwenye kipande cha sponji nyembamba, zungusha tundu hilo kwenye lengelenge ili kiatu kisiliguse, kisha funga.

Kuhusu tambarare: wasiwasi wako usiwe kwenye pumzi, uwe kwenye mapaja. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayozuia mwili usiporomoke wakati wa kushuka, na Tabora haiipi kazi hiyo. Tafuta kilima cha mawe jirani au ngazi za jengo la ghorofa, panda na kushuka dakika 20 wiki ya kwanza, ukiongeza dakika 10 kila wiki, mara tatu kwa wiki. Shuka polepole kuliko unavyopanda. Kushuka ndiko mazoezi yenyewe. Wiki ya mwisho fanya ukiwa na begi lenye maji yote utakayobeba, kisha pumzika siku tatu. Magoti yakilalamika, chukua fimbo mbili za mwanzi zenye urefu wa kufanya kiwiko kikunjike sawasawa na kona ya meza, na wakati wa kushuka uzitangulize mbele ya mguu. Hatua ziwe fupi. Kwenye changarawe nyekundu na majani makavu yaliyolala, hatua ndefu ndiyo inayokukalisha chini.

SWALI: Je, naweza kumpeleka binti yangu wa miaka 13 Gombe tukapande hadi juu kabisa na kuona sokwe siku hiyo hiyo?
Mama wa Ujiji

JIBU: Sokwe hapana. Umri wa chini wa kufuata sokwe Gombe ni miaka 15, na ni sawa iwe hivyo, maana njia ni kali na sokwe huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya njia ya hewa na binadamu. Hata mtu mzima mwenye kikohozi hapaswi kuwasogelea.

Kuhusu kupanda, fahamu kwamba Gombe haina barabara. Inafikiwa kwa boti tu. Maboti ya abiria ya Kibirizi huondoka mchana na kusimama vijijini njiani, kwa hiyo ukiyatumia utalala huko na kupanda kesho yake. Ukikodi boti, ondoka alfajiri. Mwezi wa sita hadi wa tisa upepo wa kusini hulichafua ziwa kadiri siku inavyokwenda, na kila mtu, hata anayejua kuogelea, avae jaketi la kuokolea. Usilipe boti kabla ya kuuliza ofisi ya hifadhi njia ipi wataruhusu kwa umri wa binti yako. Kutembea ndani ni lazima uwe na mwongoza watalii.

Mlima wenyewe unaanzia ufukweni, kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa juu wa bonde la ufa unapita mita 1,500. Ni zaidi ya mita 700 za kupanda kwenye umbali mfupi sana, kutoka msitu wa mabondeni, kupitia miombo, hadi majani matupu juu. Huko juu kuna baridi ya nyuzi nne au tano zaidi ya ufukweni, na upepo juu yake, kwa hiyo mtoto aliyeloa jasho avalishwe sweta mkisimama tu, asisubiri atetemeke. Chakula kifungwe ndani ya begi. Nyani wa Gombe wanajua mfuko wa plastiki una nini.

SWALI: Kiangazi watu wanachoma moto milima. Moto ukitukuta juu tufanye nini? Na radi je?
Kijana wa Uvinza

JIBU: Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyokwenda tambarare, kwa sababu miali na hewa ya moto vinakausha majani ya juu yake kabla haujafika. Kwa hiyo kosa baya kuliko yote ni kuukimbia kwa kupanda, na la pili ni kuingia korongo, ambalo huvuta moto kama bomba la moshi. Ukiuona moshi chini yenu, tazameni upepo unavuma kutoka wapi, kisha ondokeni kwa kwenda pembeni, mkikata mteremko, mpaka mfike penye mawe matupu, shamba lililolimwa, barabara au mahali palipokwisha kuungua. Majivu ya jana ni kimbilio zuri. Yamekwisha kula kilichokuwapo. Lowesheni khanga mfunike pua na mdomo, na nguo ziwe za pamba. Zile za nailoni huyeyuka zikagandamana na ngozi. Kabla ya kupanda, mwulizeni mtendaji au mwenye shamba kama kuna anayepanga kuchoma siku hiyo. Swali hilo moja linamaliza nusu ya hatari.

Radi ni ya msimu wa mvua. Ukiona mwako, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, shukeni mtoke kwenye mgongo mara moja, hata kama njia ni ya upande mwingine. Msikae chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye mdomo wa pango. Mkishindwa kushuka, chuchumaeni juu ya mabegi, miguu pamoja, mkiachana hatua kadhaa ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia. Tangu Novemba hadi Aprili mvua nyingi za radi huja baada ya mchana, kwa hiyo saa 6 muwe mmeanza kushuka. Sisi tungechagua mwezi wa sita au wa saba, majani bado hayajakauka kabisa na moto haujashika kasi.

SWALI: Mwanangu alirudi kutoka matembezi amevimba mikono kwa upupu. Mbung'o nao walituandama. Kuna kinga?
Msomaji wa Urambo

JIBU: Upupu kwanza: msisugue na msikune. Vinyweleo vya ganda lake ni kama sindano, ukikuna unavisukuma ndani na kuvihamishia machoni. Bandikeni plasta pana ya kunata juu ya ngozi na kuivuta, tena na tena kwa kipande kipya, kisha ndipo mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Nguo zifuliwe peke yake. Ganda likiwa limekauka, upepo tu unatosha kuvitawanya, kwa hiyo mikono mirefu ni lazima kwenye vichaka.

Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni kaki au kijani kilichofifia, kitambaa kizito, maana nyembamba wanaipenya. Dawa za kupaka za mbu haziwazuii sana. Mtu akipata kidonda chekundu kilichovimba mahali alipoumwa, au homa na kichwa ndani ya wiki chache baadaye, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba aliumwa na mbung'o, ili apimwe malale pamoja na malaria.

Na kwa kuwa hakuna aliyeuliza: nyoka wa kuangalia kwenye njia hizi ni kifutu, kwa sababu hakimbii akisikia miguu. Mguu ukanyage juu ya gogo kwanza, utazame upande wa pili, ndipo ushuke. Mtu akiumwa, mlazeni, fungeni mguu kwa kijiti usicheze, vueni pete na viatu, mbebeni hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

SWALI: Tuna mtoto wa miezi 10. Mbeleko inatosha? Na Nkungwe ya Mahale inawezekana kwa siku moja?
Wanandoa, Kigoma mjini

JIBU: Mbeleko inafaa kwenye njia pana na ya chini. Juu ya mgongo mwembamba hapana: anayebeba akianguka kinyumenyume anamwangukia mtoto, na mtoto aliyebanwa mgongoni hupata joto bila wewe kujua. Mkiwa naye, gusa shingo yake kila nusu saa. Ikiwa ya moto na kavu, tafuteni kivuli na maziwa.

Nkungwe, kilele cha hifadhi ya Mahale, ina mita 2,462. Kutoka ziwani ni karibu mita 1,700 za kupanda, yaani karibu saa 3 za Naismith kwa kupanda pekee, bila kuhesabu umbali wala kushuka. Si safari ya kutwa, na si ya mtoto wa miezi 10. Hupandwa kwa siku mbili au tatu, mkilala mlimani, pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha. Mwacheni mtoto kwa bibi yake.